Fuata gobi: kuvua besi mdomo-mdogo wakubwa Ziwa Erie na Mto St. Lawrence

Kila mgeni anayepanda boti yangu huanza kwa kufungua sanduku la vyambo. Anatoa kimoja, anakiinua kwenye mwanga, anauliza kama hicho ndicho kinachowashika wakubwa. Namwambia kinaweza, kisha namwomba akirudishe sandukuni aje tuangalie upepo. Besi mdomo-mdogo wa pauni sita hapatikani kwa rangi ya plastiki. Anapatikana ukijua anakula nini, chakula hicho kinaishi wapi, na boti yako inapita juu ya mahali hapo kwa mwendo gani. Hilo la tatu ndilo lisilouzwa dukani, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu leo.

Ninaishi Buffalo, New York, pale Ziwa Erie linapoishia na Mto Niagara kuanza. Mume wangu havui, lakini ndiye anayenisomea utabiri wa upepo usiku kabla sijatoka, na akisema kesho hapana, sitoki. Ninayevua naye ni mdogo wake, shemeji yangu, mtu mwenye subira ya ajabu na mikono inayosikia mambo kwenye uzi kabla yangu.

Kwa asiyemjua samaki huyu: ana rangi ya shaba inayoelekea kijani, mistari myeusi ya wima ubavuni, na jicho ambalo mara nyingi ni jekundu. Ndugu yake, besi mdomo-mpana, hupenda majani na maji yenye uvuguvugu. Huyu wetu anapenda mawe, maji safi na ubaridi. Kuwatofautisha, angalia taya la juu. La mdomo-mpana hupita nyuma ya jicho, la mdomo-mdogo huishia usawa wa jicho. Asili yake ni Amerika Kaskazini: Maziwa Makuu, Mto St. Lawrence, na mabonde ya Ohio, Tennessee na Mississippi ya juu. Huku kaskazini hukua polepole. Yule unayemwinua kwa picha akiwa na pauni tano au sita anaweza kuwa na miaka kumi au zaidi, na mara nyingi ni jike.

Sasa tuje kwa gobi, maana bila yeye makala hii haipo.

Mwaka 1988 kome pundamilia waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, kati ya Michigan na Ontario. Mwaka 1990 samaki mdogo aitwaye gobi akaonekana katika Mto St. Clair, jirani hapo hapo. Wote asili yao ni pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, na waliingia ndani ya maji ambayo meli za mizigo hubeba ili zisiyumbe zikiwa tupu. Kome wakajaa kwenye miamba na kuchuja maji mpaka Erie, ziwa lililowahi kusifika kwa uchafu, likaanza kuonyesha mawe ya chini. Gobi wakawakuta kome, chakula chao cha kwao, wakazaliana bila hesabu. Besi nao wakawakuta gobi. Tangu hapo besi wa ziwa hili wamekuwa wakikua haraka na kunenepa kuliko zamani. Sisemi uvamizi huo ulikuwa jambo jema kwa ziwa. Uliwaumiza viumbe wengi wa asili, na nitarudi kwenye madhara yake kwa besi wenyewe. Lakini anayevua leo anavua katika ziwa lenye gobi, na lazima aanzie hapo.

Mwangalie gobi kwa karibu, siku moja utakapomwona kwenye maji mafupi kando ya gati. Ana urefu wa kidole hadi kiganja, kichwa kikubwa, macho yaliyotokeza juu, ngozi yenye mabaka ya rangi ya mawe na doa jeusi kwenye pezi la kwanza la mgongoni. Mapezi yake ya tumboni yameungana na humsaidia kung'ang'ania jiwe. Hana mfuko wa hewa tumboni, kwa hiyo hawezi kuelea katikati ya maji. Akihama hurusha mwili mbele kidogo, anatua, anatulia. Anarusha tena, anatua, anatulia. Ukiukariri mwendo huo, umeshajua chambo chako kinatakiwa kufanya nini, na kinatakiwa kukaa wapi: chini kabisa, kikigusa mawe wakati wote.

Chambo ninachokitegemea kwa kazi hiyo ni tyubu. Ni mfuko mwembamba wa plastiki laini, wenye uwazi ndani, urefu wa inchi tatu na nusu hadi nne. Mbele umezibwa, nyuma umechanwa ukawa nyuzinyuzi. Ndoano yenye kichwa kizito inaingizwa ndani, halafu kijicho cha kufungia uzi kinatobolewa kitokeze juu. Rangi ni kijani cha boga kilichonyunyizwa vidoa vyeusi, au kahawia. Siku za jua kali na maji maangavu natumia ile ya kijivu inayopitisha mwanga. Nimemaliza habari ya rangi.

Uzito ndio unaohitaji akili. Kanuni yangu ni uzito mdogo kuliko wote ambao bado unabaki chini. Futi 20 za maji na upepo wa wastani, robo tatu ya nusu aunsi, yaani tatu kwa nane, inatosha. Futi 30 upepo ukiongezeka, nusu aunsi na zaidi. Kikiwa chepesi mno, tyubu inaruka juu ya mawe na besi hana sababu ya kuiamini. Kikiwa kizito mno, inazama katikati ya mawe na utatumia asubuhi nzima ukikata uzi.

Upepo. Upande wetu wa ziwa, upepo wa kusini-magharibi unakuja ukiwa umesukuma maji urefu wote wa Erie, maili 241. Na kwa kuwa Erie ndilo lenye kina kifupi kuliko Maziwa Makuu yote, wastani wa futi 62 tu, mawimbi yake hayana nafasi ya kurefuka. Yanakuja mafupi, yamesimama wima, yamefuatana. Boti ya futi 18 kama yangu haina biashara huko upepo ukizidi maili 15 kwa saa. Lakini siku ya kimya kabisa, ziwa limelala, nayo hainifurahishi: boti haiendi, mwanga unapenya mpaka chini, na besi anakuona kabla hujamwona. Ninachokiomba ni upepo wa maili nane hadi kumi na mbili, wenye kukunja uso wa maji na kuisukuma boti taratibu.

Boti ikisukumwa, naangalia mwendo wake kwenye skrini. Chini ya nusu maili kwa saa, tyubu inalala. Zaidi ya maili moja, inapaa. Kati ya sita na tisa kwa kumi za maili ndipo samaki wangu wengi wakubwa wametoka. Kama upepo una nguvu, nashusha mwavuli wa maji, ule mfuko mpana wa turubai unaofungwa ubavuni mwa boti na kujaa maji ili kuizuia. Kama boti inajipinda, naisahihisha kwa mota ndogo ya umeme ya mbele. Kisha narusha tyubu upande ule upepo unakotoka, naiacha izame mpaka uzi ulegee, nafunga rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, na ninashika fimbo chini, pembeni, bila kuichezesha. Boti ndiyo inayochezesha. Wageni hupata shida sana hapa, wanataka mikono yao ifanye kitu. Wenye bidii nyingi ndio huwa wa mwisho kupata samaki.

Ukishika fimbo vizuri, chini kunaanza kusomeka. Kokoto hugonga haraka na kwa wepesi. Mchanga ni kimya, tyubu inateleza tu. Kome hukwaruza, na uzi ukipita juu yao muda mrefu utauona umechubuka, uukate ufunge upya. Jiwe kubwa linazuia, linashikilia, linaachia. Mahali penye thamani ni pale kimoja kinapogeuka kuwa kingine: mchanga unapofika kwenye mawe, au mawe madogo yanapopata jiwe moja kubwa lililokaa peke yake. Besi hukaa kwenye mpaka huo. Ukiusikia mgeuko, gusa kitufe na uweke alama kwenye ramani hata kama hakuna kilichouma, maana utapita tena.

Kuuma kwenyewe hakufanani na watu wanavyodhani. Kati ya wakubwa ni wachache wanaogonga. Mara nyingi uzi unakuwa mzito tu, kana kwamba umeokota mfuko wa plastiki uliojaa maji. Shemeji alipoanza kuvua nami, tulikuwa futi 26 za maji nje ya Buffalo, nikaona ncha ya fimbo yake imeinama na haijainuka.

"Shemeji, amekugonga?"

"Hapana. Imekuwa nzito tu, nadhani ni majani."

"Majani hayahami. Zungusha rili."

Alizungusha mpaka uzi ukakaza, akaipeleka fimbo pembeni kwa mvuto mmoja mrefu, na rili ikaanza kulia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usiipige fimbo juu kwa nguvu, maana ndoano nyembamba na uzi usionyumbuka vitang'oa mdomo. Kaza, vuta pembeni, endelea kuzungusha. Akianza kupanda juu, ujue anataka kuruka. Zamisha ncha ya fimbo majini ili asipate nafasi ya kutikisa kichwa hewani. Akifika karibu na boti ataona wavu na kukimbia chini tena, na hapo breki ya rili iwe imelegezwa kiasi cha kumruhusu. Samaki wengi wakubwa hupotea futi sita kutoka kwenye wavu.

Vifaa nitavitaja kwa haraka, kwa sababu huhitaji vya bei kubwa. Fimbo ya futi saba, ya uzito wa kati, yenye ncha nyepesi na kiuno kigumu. Rili ya kawaida ya uzi wazi, saizi 2500 au 3000. Uzi wa kusokotwa wa pauni 10, na mbele yake futi nane hadi kumi za uzi wa fluorokaboni wa pauni nane. Ule wa kusokotwa haunyumbuki, kwa hiyo unaleta habari mkononi. Fluorokaboni haionekani sana majini na inavumilia mawe. Kwa chubwi natumia tangisteni. Ni nzito kuliko risasi kwa ukubwa ule ule, inagonga mawe kwa sauti kali zaidi, na jimbo la New York limekataza kuuza chubwi za risasi za nusu aunsi kushuka chini, kwa kuwa ndege wa majini huzimeza na kufa.

Upepo ukikataa, au nikiona samaki mmoja mmoja kwenye sona, kile kifaa kinachoonyesha kilicho chini ya boti kwa mawimbi ya sauti, nabadilisha. Nafunga ndoano ndogo katikati ya uzi na chubwi chini yake, umbali wa inchi nane hivi, na kwenye ndoano naweka gobi wa plastiki wa inchi tatu. Nashusha wima juu ya samaki. Kwenye skrini unaona mstari wa chubwi ukishuka na alama ya samaki ikiinuka kuupokea, na mara nyingi jibu linakuja ndani ya sekunde chache. Asipokula haraka, inua futi mbili, shusha tena mara moja. Akikataa tena, mwache uende kwa mwingine. Wengine hukaa juu ya samaki mmoja nusu saa wakimbembeleza. Muda huo ningepita juu ya mawe mengi.

Mto St. Lawrence ni habari nyingine. Kila kiangazi tunafunga boti nyuma ya gari, tunapita njia ya Syracuse na Watertown mpaka Clayton au Cape Vincent, mahali Ziwa Ontario linapomimina maji yake mtoni na kuanza vile Visiwa Elfu, ambavyo kwa hesabu ni zaidi ya 1,800. Julai 2022, katika mashindano ya Bassmaster Elite yaliyofanyika Clayton, kijana Jay Przekurat alipima pauni 102 na aunsi 9 kwa siku nne, besi mdomo-mdogo watupu. Siku moja huruhusiwa kupima watano, kwa hiyo ni samaki ishirini wenye wastani wa zaidi ya pauni tano. Hakuna aliyewahi kuvuka pauni 100 kwa mdomo-mdogo peke yake kabla yake. Ukiyaona maji yale utaelewa. Ni maangavu, baridi, yana mkondo, na gobi wamejaa kila jiwe.

Mkondo ndio unaochukua nafasi ya upepo. Kule sivuti tyubu nyuma ya boti. Narusha juu ya mkondo, naacha maji yalete chambo chini mpaka kwenye jiwe, nikizungusha rili kiasi cha kuondoa ulegevu tu. Wengi hulenga nyuma ya jiwe, kwenye kivuli cha mkondo. Ni kweli samaki wapo hapo. Lakini mbele ya jiwe nako maji hugonga na kurudi nyuma, yakatengeneza sehemu ndogo ya maji yaliyotulia, na wale wakubwa mara nyingi wanachukua nafasi hiyo ya mbele kwa sababu chakula kinawafikia wao kwanza. Mimi huanza mbele.

Jambo moja la kule nililipenda tangu siku ya kwanza. Besi hawa wana wivu wa chakula. Mmoja akinaswa, wenzake wawili watatu humfuata mpaka juu wakitaka kumpokonya alichonacho mdomoni. Katika maji maangavu unawaona kabisa, vivuli vya shaba vikizunguka chini ya yule anayepambana. Kwa hiyo tumekubaliana: mmoja akipata, mwingine anaacha alichokuwa akifanya na kurusha tyubu nyepesi pembeni kabisa ya samaki aliyenaswa, futi chache chini yake, na kuiacha ianguke bila kuivuta. Shemeji ndiye bingwa wa hili. Samaki wake mkubwa kuliko wote wa St. Lawrence alikuwa mfuasi wa samaki wangu wa kawaida kabisa, na aliila tyubu ikiwa bado inazama.

Na jua. Wavuvi wa mdomo-mpana hukimbia jua la mchana. Mimi kwa besi mdomo-mdogo nalipenda. Anawinda kwa macho, na maji yakiwa maangavu na jua likiwa juu, ataiona tyubu yako kutoka mbali na kuifuata.

Majira ya kuchipua yanataka chambo kingine. Maji yakiwa kati ya nyuzi 45 na 55 za Farenhaiti, yaani kama 7 hadi 13 za Selsiasi, gobi bado wamezubaa na besi wanapanda kutoka kwenye kina kuelekea mahali pa kuzalia. Hapo natoa kile chambo kirefu, chembamba, cha plastiki ngumu, chenye ndoano za pembe tatu na mdomo mdogo wa kukizamisha, kinachosimama katikati ya maji ukiacha kukivuta. Kinaiga samaki wadogo wa fedha, wale ambao kila mwaka hujaa pale Mto Niagara unapoanzia. Vuta mara mbili kwa kifundo cha mkono, legeza uzi, ngoja. Maji yakiwa baridi sana, ngoja sekunde kumi. Samaki huja kukitazama kikiwa kimesimama, na hushambulia bila chochote kukitikisa. Maji yakiwa na kina cha futi nane na bila mawimbi, kuna pia ndoano ya marabu, yaani manyoya laini ya ndege, nyepesi ya moja kwa nane ya aunsi. Hiyo unairusha mbali na kuizungusha polepole, moja kwa moja, bila kuitikisa hata kidogo. Haionekani kuwa na uhai kwa macho yetu, na bado kuna asubuhi ambazo haishindwi na kitu.

Maji yakifika nyuzi 60 hivi za Farenhaiti, kama 15 au 16 za Selsiasi, dume anafagia mduara wa kiota kwenye kokoto, jike anataga na kuondoka, na dume anabaki kulinda mayai na vifaranga. Hapa ndipo naweka fimbo chini. Gobi anayemnenepesha besi ndiye anayemla mayai. Wanajipanga kuzunguka kiota, na dume huwafukuza siku nzima. Ukimtoa hata kwa dakika chache kwa ajili ya picha, wanaingia. Kwa hiyo mtu anayevua dume juu ya kiota na kumwachia anadhani hajaharibu kitu, wakati kiota kile kinaweza kuwa kimekwisha kabla samaki hajarudi. Sioni fahari yoyote katika samaki anayeuma kwa sababu analinda watoto. Sheria ya New York inafungua msimu wa kawaida tarehe 15 Juni. Kabla ya hapo, katika maji mengi ya jimbo, ni kuvua na kuachia kwa chambo bandia tu. Mipaka ya Erie na St. Lawrence ina masharti yake, na upande wa pili ni Ontario, wenye leseni na tarehe zao. Mstari wa mpaka uko katikati ya maji na hauonekani, kwa hiyo uweke kwenye ramani ya boti kabla hujatoka.

Watu huniuliza pia mkubwa anaweza kufika wapi. Rekodi ya dunia ni pauni 11 na aunsi 15, ya David Hayes, aliyemvua tarehe 9 Julai 1955 katika Ziwa Dale Hollow, kwenye mpaka wa Kentucky na Tennessee. Alikuwa akiburuta chambo nyuma ya boti. Rekodi hiyo ilifutwa mwaka 1996 baada ya madai kwamba samaki alijazwa vyuma kabla ya kupimwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2005. Kwa miaka mingi watu walisema Maziwa Makuu hayatatoa samaki wa pauni kumi. Novemba 2022, Gregg Gallagher wa Ohio alimvua mmoja wa pauni 10.15 upande wa Ontario wa Erie. Tarehe ile ndiyo ninayowaonyesha wanaofunga boti zao mwisho wa Agosti. Samaki wangu mkubwa kuliko wote, pauni sita na aunsi 11, naye alikuja Oktoba, kwenye jiwe ambalo nilikuwa nimeliweka alama Julai na kupita juu yake mara nyingi bila kitu.

Kuhusu kuachia nina msimamo mkali kidogo. Besi akivutwa kutoka kina kikubwa, hewa iliyomo kwenye mfuko wake wa tumboni inatanuka. Unamwachia, anajaribu kuzama, anashindwa, anarudi juu akiwa amelala ubavu, mkia ukipiga hewa. Shakwe wanamwona kabla hujafunga sanduku. Wapo wanaotoboa mfuko huo kwa sindano, na wenye ujuzi wanaokoa samaki hivyo, lakini ukikosea mahali unamuua. Mimi nabeba kishikio chenye chubwi ya pauni mbili: kinambana taya, kinamshusha mpaka kwenye kina chake, hewa inarudi ukubwa wake, namwachia huko huko. Na kwa kawaida yangu, joto la kiangazi likikolea, sivui kwenye kina kinachozidi futi 30 hata sona ikinionyesha samaki futi 45. Mikono iwe imelowa, samaki ashikwe kwa taya na chini ya tumbo, picha moja au mbili, arudi majini. Samaki aliyechukua miaka kumi kufika pale alipo hana mbadala wa mwaka ujao.

Kwa wanaotaka kuja: njoo Oktoba. Maji yakishuka chini ya nyuzi 55 besi hula kwa pupa kabla ya baridi, hujikusanya, na kundi zima linaweza kuwa juu ya rundo moja la mawe lenye ukubwa wa chumba. Upepo wa majira hayo hauna mchezo, na siku nzuri ni chache, kwa hiyo usipange safari ya tarehe moja. Acha nafasi ya siku mbili tatu za kusubiri gatini. Vaa nguo za mvua juu ya za joto, na jaketi la kuokolea lisitoke mwilini. Kuanzia 1 Novemba hadi 1 Mei sheria ya New York inamlazimu kila aliye kwenye boti iliyo chini ya futi 21 kulivaa, na maji ya nyuzi 45 hayampi mtu muda wa kulitafuta. Tyubu ninazo za kutosha. Mwaka huu shemeji na mimi tunataka kwenda Presque Isle, upande wa Pennsylvania, tukapime mwendo wa boti juu ya mawe ambayo hatuyajui bado.